Kura ya Malalamiko: Je, Kumpigia Mgombea wa Tatu ni Kuitupa Kura?



Ndugu zangu wasomaji, somo letu la toleo hili limetokana na swali ambalo limezunguka sana kwenye halaqa zetu hapa Rubavu. Swali ni hili: ikiwa wagombea wawili wakubwa wa urais wanakaribiana, na wote wawili hawakuridhishi, je, inafaa kumpa kura yako mgombea wa tatu ambaye unajua hatashinda? Wengine husema huko ni kuitupa kura. Wengine husema huko ndiko kuitunza dhamiri. Nimewasikia ndugu wakikaribia kununiana kwa jambo hili, na nimegundua kwamba mara nyingi wanabishana bila kuitazama hesabu.

Kwetu Rwanda swali hili halijawahi kubana. Katika uchaguzi wa Julai 2024 Rais Paul Kagame alitangazwa kupata asilimia 99.18, Frank Habineza asilimia 0.50 na Philippe Mpayimana asilimia 0.32. Pengo la namna hiyo haliachi nafasi ya kuuliza mgombea wa tatu amempunguzia nani. Lakini tunasoma pamoja na ndugu kutoka Kenya, na wenzetu wa Goma tunaachana nao kwa mpaka tunaouvuka kwa miguu. Kwao swali hili ni la kweli. Mkenya anayesoma nasi leo huenda akalikabili Agosti 2027.

Sitamwambia mtu ampigie nani. Ninachotaka ni tujifunze namna ya kufikiri: kwanza kwa hesabu, kisha kwa mizani ya dini yetu.

1. Tuanze na watu mia moja

Chukulia jumuiya yetu ina wapigakura 100 na inachagua amiri. Abdallah ana kura 48, Bakari 45, na Juma 7. Hao saba wa Juma hawampendi Bakari sana, lakini Abdallah ndiye wanayemwona mbaya zaidi.

Kanuni ya kwanza: anayeongoza ndiye mshindi, hata akiongoza kwa kura moja. Hapo Abdallah amekuwa amiri. Lau wanne tu kati ya wale saba wangehamia kwa Bakari, Bakari angepata 49 na kushinda. Chini ya kanuni hii, wanaosema kwamba kura ya Juma imemsaidia Abdallah wana hoja.

Kanuni ya pili: mshindi lazima apate zaidi ya nusu ya kura, la sivyo wawili wa juu wanarudi duru ya pili. Abdallah ana 48 kati ya 100, kwa hiyo hajafika. Duru ya pili inakuja, na wale saba ndio wenye neno la mwisho. Kura yao haikupotea. Imemzuia Abdallah kushinda mara moja, na bado wana kura nyingine mkononi.

Sasa tazama jambo ambalo wengi hulisahau. Chini ya kanuni hii ya pili, wale saba wakisusa na kubaki nyumbani, kura zitakuwa 93. Nusu yake ni 46 na nusu. Abdallah mwenye 48 amepita! Kususa kwao kumempa ushindi yule wasiyemtaka kabisa.

Kwa hiyo kuna njia tatu za kulalamika kwa kura: kubaki nyumbani, kuiharibu karatasi kwa makusudi, na kumpigia mgombea wa tatu. Watu huziita zote "kususa", lakini kwenye hesabu haziko sawa hata kidogo.

2. Kenya 2013: nusu ilipatikana kwa uzi mwembamba

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inafuata kanuni ya pili. Mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, na pia angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Asipopatikana, wawili wa juu wanarudi kwa wapigakura ndani ya siku 30.

Uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 ulikuwa na wagombea wanane. Uhuru Kenyatta alitangazwa na kura 6,173,433, na Raila Odinga 5,340,546. Musalia Mudavadi alipata 483,981, Peter Kenneth 72,786, Mohammed Abduba Dida 52,848, Martha Karua 43,881, James ole Kiyiapi 40,998 na Paul Muite 12,580. Kura 108,975 zilikataliwa.

Dida ndiye anayetajwa zaidi katika mazungumzo yetu. Alikuwa mwalimu, Muislamu, mtu asiye na fedha za kampeni, na wengi walimjua kwa mara ya kwanza kwenye mdahalo wa televisheni wa Februari mwaka huo. Waliompigia wengi walijua hatakuwa rais. Je, walimpotezea mtu?

Tujumlishe. Wagombea sita wa chini kwa pamoja walipata kura 707,074. Pengo kati ya Uhuru na Raila lilikuwa 832,887. Hata kila kura ya wale sita ingekwenda kwa Raila bila kubaki moja, asingemfikia Uhuru. Kwa hiyo madai kwamba "waliompigia Dida na Karua walimnyima Raila ushindi" hayasimami kwenye hesabu.

Lakini kuna mstari mwingine muhimu zaidi ya pengo hilo, nao ni mstari wa nusu. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilihesabu asilimia kwa kura zote zilizopigwa, pamoja na zilizokataliwa: jumla 12,330,028. Nusu yake ni 6,165,014. Uhuru aliivuka kwa kura 8,419 tu, yaani asilimia 50.07. Lau Wakenya 16,838 waliobaki nyumbani wangejitokeza na kumpigia mtu yeyote asiye Uhuru, awe Raila, Dida au Muite, nchi ingekwenda duru ya pili.

Rudia sentensi hiyo, maana ndiyo kiini cha somo. Katika kumzuia anayeongoza asivuke nusu, kura ya mgombea wa tatu ina uzito uleule wa kura ya mpinzani mkuu. Kila kura mpya inayokwenda kwa mwingine inaupandisha mstari wa nusu kwa nusu kura, bila kujali imekwenda kwa nani.

Na kura zilizoharibika? Kwa hesabu ya tume, nazo zilikuwa zikiupandisha mstari. Shauri lilipofika Mahakama ya Juu, majaji waliamua tarehe 30 Machi 2013 kwamba kura zilizokataliwa zisiingizwe katika kutafuta nusu. Kwa uamuzi huo jumla ya kura inakuwa 12,221,053, na Uhuru anaivuka nusu kwa kura 62,906 badala ya 8,419. Tangu siku hiyo, Mkenya anayechora mstari mrefu kwenye karatasi nzima ili kuonyesha hasira yake amefanya sawasawa na yule aliyelala nyumbani, isipokuwa yeye amepanga foleni.

3. Kenya 2022: upanga wenye makali mawili

Tarehe 9 Agosti 2022 wagombea walikuwa wanne. William Ruto alitangazwa na kura 7,176,141, asilimia 50.49. Raila Odinga alipata 6,942,930, asilimia 48.85. George Wajackoyah alipata 61,969 na David Mwaure Waihiga 31,987.

Hapa tena, wawili wa mwisho kwa pamoja walikuwa na kura 93,956, ilhali pengo la juu lilikuwa 233,211. Hawakumwibia Raila ushindi. Lakini wapigakura wapya 139,255 wangetosha kumshusha Ruto hadi nusu kamili, na nusu kamili haitoshi. Katika uchaguzi huohuo zaidi ya watu milioni 7 waliojiandikisha hawakupiga kura. Wengi wao ukiwauliza watakwambia: "Sikumtaka yeyote." Inawezekana kabisa. Lakini kutokumtaka yeyote hakukuandikwa mahali popote.

Hata hivyo, tuwe waadilifu. Mwaka 2022 wagombea wote wawili walikuwa karibu na nusu. Kura ya Wajackoyah ilimpandishia Ruto mstari wa nusu, na ilimpandishia Raila vilevile. Asiyejua ni nani yuko karibu na mstari hawezi kujua amemzuia nani. Upanga huu unakata pande zote mbili.

Kuna na jambo la ujumbe. Wajackoyah aliahidi kilimo cha bangi na ufugaji wa nyoka. Je, waliompigia walikuwa wanataka hayo, au walikuwa wanacheka, au walikuwa wamechoshwa na wanasiasa wale wale? Karatasi ya kura haina nafasi ya maelezo. Anayesema "nitawapelekea ujumbe" akumbuke kwamba anayeupokea ataona tarakimu tu, na ataisoma anavyopenda.

4. Ng'ambo ya mpaka: kanuni ilipobadilika

Kongo inatufundisha kitu kingine, kwa sababu imetumia kanuni zote mbili.

Mwaka 2006 kulikuwa na duru mbili. Katika duru ya kwanza Joseph Kabila alipata asilimia 44.81, Jean-Pierre Bemba 20.03 na mzee Antoine Gizenga 13.06. Gizenga hakushinda, lakini asilimia zake 13 zikawa mtaji. Aliingia makubaliano na Kabila, Kabila akashinda duru ya pili kwa asilimia 58.05, na Gizenga akawa Waziri Mkuu. Hapo kura ya mgombea wa tatu ilizaa kitu kinachoonekana kwa macho, tukikipenda tusikipende.

Januari 2011 katiba ilirekebishwa na duru ya pili ikafutwa. Novemba mwaka huohuo Kabila alitangazwa mshindi kwa asilimia 48.95, Étienne Tshisekedi akiwa na 32.33 na Vital Kamerhe 7.74. Kwa kanuni ya zamani, 48.95 ingemrudisha uwanjani. Kwa kanuni mpya ilitosha, na asilimia za Kamerhe hazikuwa na soko la kuzipeleka.

Ndiyo maana mwaka 2018 Kamerhe hakungoja. Novemba, kabla ya kura kupigwa, alikutana na Félix Tshisekedi jijini Nairobi, akajiondoa na kumuunga mkono, kisha akawa mkurugenzi wa ofisi ya rais. Tshisekedi alitangazwa mshindi kwa asilimia 38.57 tu, mbele ya Martin Fayulu na Emmanuel Shadary.

Kutokana na hayo tunapata kanuni: penye duru mbili, mapatano hufanyika katikati ya duru, penye duru moja, lazima yafanyike kabla. Mpigakura anayengoja kulalamika siku ya kura katika nchi ya duru moja amechelewa. Malalamiko yake yalipaswa kusikika miezi kadhaa nyuma, wakati vyama vinapatana.

Lakini Kongo inatupa onyo pia. Matokeo ya 2018 yalipingwa vikali, na maaskofu wa Kanisa Katoliki, waliokuwa na waangalizi wengi vituoni, walisema takwimu za tume haziafikiani na walizokusanya wao. Tena wapigakura wa Beni na Butembo, hapo Kivu ya Kaskazini, siku yao ilisogezwa hadi Machi 2019, rais akiwa tayari ameapishwa. Hesabu yote ninayoifanya katika somo hili inategemea sharti moja: kura zihesabiwe kama zilivyopigwa. Pasipo hilo, kazi ya kwanza ya kijana ni kulinda kura kabla ya kubishana juu ya mgombea wa tatu.

5. Marekani: kitendo kimoja, matokeo mawili

Ndugu wengi hunitajia Marekani, kwa sababu mwaka 2024 Waislamu wengi wa Michigan waliokasirishwa na vita vya Gaza walikataa wagombea wote wawili wakubwa na kumpigia Jill Stein. Huko karibu kila jimbo humpa anayeongoza kura zake zote za uchaguzi wa rais, hata kwa kura moja. Ni ile kanuni ya kwanza.

Mwaka 2000, jimboni Florida, George W. Bush alimshinda Al Gore kwa kura 537, na Ralph Nader alipata zaidi ya 97,000. Sehemu ndogo sana ya kura za Nader ingetosha kubadilisha rais. Mwaka 2024, jimboni Michigan, Donald Trump alimshinda Kamala Harris kwa kura zipatazo 80,000, na Stein alipata zipatazo 44,000. Hata zote zingekwenda kwa Harris, zisingetosha.

Kitendo ni kimoja, matokeo ni mbali mbali. Na mpigakura wa mwaka 2000 hakujua asubuhi ile kwamba pengo litakuwa 537. Kwa hiyo asijifariji mtu baadaye kwa kusema "haikubadilisha kitu", wala asilaumiwe kana kwamba aliijua ghaibu. Tunahukumiwa kwa tulichokijua na tulichokikusudia, na kwa juhudi tuliyofanya ya kujua.

6. Mizani ya dini

Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan, aliyefariki mwaka 1976, aliieleza kura kwa sura tatu: ni ushahidi, ni shufaa, na ni uwakala. Naona mgawanyo huu unalifungua swali letu vizuri.

Kura kama ushahidi inakutaka useme kweli: huyu ninamwona anafaa kubeba amana. Ukiutazama upande huu peke yake, utampigia aliye bora hata kama ana kura mbili, kwa sababu shahidi haulizi kama upande wake utashinda.

Kura kama shufaa inakukumbusha kwamba anayemsaidia mtu kufikia jambo ana fungu katika jambo hilo, jema au ovu.

Kura kama uwakala inakutaka utazame mwisho: nani hasa atasimamia mambo yangu na ya majirani zangu? Upande huu ndipo inapoingia kanuni ya mafaqihi ya kuchukua dhara dogo ili kuliepuka kubwa. Mfano wake tunaujua katika Sura ya Kahf: jahazi la maskini lilitobolewa ili lisiporwe na mfalme. Kutoboa jahazi si jambo zuri, lakini kulikuwa na mfalme njiani.

Wanaosema "mpigie yule wa afadhali" wanaishika sura ya tatu. Wanaosema "siwezi kuweka jina langu kwa dhalimu" wanaishika ya kwanza. Kila mmoja ana ukweli, na kosa ni kuikana sura ya mwenzake. Rai yangu ni kwamba kanuni ya dhara dogo ina masharti mawili: dhara kubwa liwe la hakika au dhana yenye nguvu, na kitendo chako kiwe na uwezo wa kuliepusha. Penye duru mbili, katika duru ya kwanza, mara nyingi sharti la pili halimlazimishi mtu kumwacha aliye bora: unaweza kutoa ushahidi wako na bado ukamzuia unayemhofia, kisha ukapima dhara katika duru ya pili. Penye duru moja na pengo jembamba, nafasi hiyo haipo, na mwenye kutoa ushahidi ajue bei yake na nani atailipa. Mara nyingi wanaoilipa si wanafunzi wenye vyeti bali mama anayeuza nyanya mpakani.

Na neno moja kuhusu Dida na mfano wake. Uislamu wa mgombea haumtoshelezi kuwa shahada ya uongozi. Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, alipoomba kusimamia hazina ya Misri alitaja uaminifu wa kutunza na ujuzi. Tumpime kila mgombea, ndugu yetu au si ndugu yetu, kwa mizani hiyo.

7. Maswali manne kabla ya kuingia kituoni

Moja: kanuni ya nchi ni ipi, duru moja au mbili, na kura zilizoharibika zinahesabiwa?

Mbili: pengo likoje, na nani yuko karibu na mstari wa ushindi?

Tatu: mgombea wa tatu atazifanyia nini kura zako kesho yake? Ana chama kitakachobaki, au ataziuza?

Nne: duru ya pili ikija, nchi inaweza kuibeba kwa amani? Waliokumbuka Kenya ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, ambako zaidi ya watu 1,100 walipoteza maisha, hawalichukulii swali hili kama mchezo.

Ukiyajibu kwa ukweli, nia yako ikiwa safi, kura yako haitakuwa imetupwa, akishinda uliyempigia au asishinde. Usipoyajibu, hata kura ya mshindi inaweza kuwa imetupwa.

Kwa halaqa: Jumuiya yenye wapigakura 200 imegawanyika hivi: 99, 92 na 9. Tafuteni mshindi kwa kila kanuni. Kisha wale tisa wabaki nyumbani, hesabuni upya. Mwisho mjadili: katika hali zote hizo, ni ipi ambayo ushahidi na uwakala vinagongana, na ni ipi ambayo vinakubaliana?

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.